Cherero wa kijani, wa bluu au wa njano: rangi inabadilisha tabia?

Wa bluu ni wapole, wa kijani wanauma, wa njano wana woga, weupe hawaishi sana. Ukiuliza bei ya cherero utapewa na kauli hizi juu yake, na kila moja ina mtu aliye tayari kuapa kwamba ameyaona mwenyewe. Sina ugomvi na macho yake. Tofauti anazozisema mara nyingi zipo kweli. Ugomvi wangu uko kwenye sababu. Rangi ya kasuku mdogo hudokeza alikotoka, jinsia yake na jinsi wazazi wake walivyopandishwa, na hayo ndiyo yanayomfanya aume au atulie. Ukinunua rangi ukidhani umenunua tabia, unaweza kurudi nyumbani na ndege mwingine kabisa.

Nawalinganisha cherero, wale kasuku wadogo wa mkia mfupi ambao wafugaji wengi huwaita lavubedi, kwa sababu hawa ni wa kwetu. Cherero wa Fischer, mwenye uso wa rangi ya chungwa na duara jeupe kuzunguka jicho, ni mwenyeji wa kaskazini mwa Tanzania, Serengeti na kusini mwa Ziwa Viktoria. Ndugu yake mwenye kichwa cheusi na kola ya njano anatoka nyanda za kati, upande wa Dodoma. Wa tatu anayefugwa sana duniani ni mwenye uso wa waridi, mzaliwa wa Namibia na Angola. Porini wote watatu wana mwili wa kijani. Bluu, njano, nyeupe, urujuani na mabaka ni matokeo ya jeni kuharibika mahali fulani, kisha mfugaji akampenda yule wa ajabu na kumzalisha. Hata hiyo bluu inayodhaniwa ni ya Ulaya ina asili ya hapa: cherero wa kichwa cheusi aliyekuwa bluu alinaswa porini Tanganyika na kufikishwa bustani ya wanyama ya London mwaka 1927.

Kijani na bluu

Kijani cha kasuku kinatokana na vitu viwili vilivyopandana. Ndani ya unyoya kuna tabaka linalotawanya mwanga na kutoa bluu, likisaidiwa na melanini nyeusi iliyo nyuma yake. Juu ya hapo kuna rangi ya njano iitwayo sitakofulvini, ambayo kasuku huitengeneza mwenyewe mwilini. Haitoki kwenye chakula. Njano ikikaa juu ya bluu, tunaona kijani. Ikiondoka, tunabaki na ndege wa bluu.

Kinachoiondoa kinajulikana vizuri kwa bajeriga, wale kasuku wadogo wa Australia wanaouzwa kila mahali. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba bajeriga wa bluu ana hitilafu kwenye kimeng'enya kimoja tu: kiungo kimoja cha protini kimebadilika, na kimeng'enya kikashindwa kutengeneza njano pale unyoya unapoota. Ubongo uko palepale, homoni ziko palepale. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba bluu yenyewe ndiyo inayompoza ndege, namwomba anionyeshe njia inayotoka kwenye unyoya hadi kwenye hasira.

Lakini ukiweka matundu mawili sokoni, moja la kijani na moja la bluu, mara nyingi wa bluu ndio watakaokuwa watulivu zaidi. Kwa nini?

Kwa sababu wa kijani anaweza kupatikana kwa wavu. Katika miaka ya 1980 cherero wa Fischer alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi zaidi duniani, na biashara hiyo ilimpunguza sana katika makazi yake. Kule Naivasha, Kenya, kuna makundi yanayoruka huru, machotara wa Fischer na wa kichwa cheusi, wazao wa ndege waliotoroka au kuachiwa. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016, lakini ndege wa mtaani hahitaji kupita uwanja wa ndege. Wa bluu, kwa upande wake, hana msitu wa kunaswa. Huyo wa 1927 alikuwa wa bahati. Waliopo leo karibu wote wamezaliwa kizimbani, wazazi wao hali kadhalika, na mtu anayesimama mbele ya tundu ni jambo walilolizoea tangu macho yao yafumbuke.

Kwa hiyo kabla hujalinganisha rangi, linganisha asili. Aliyenaswa porini anajulikana. Ukisogea hukimbilia ukuta wa mbali wa tundu na kujibamiza. Juu ya mdomo, pale tundu za pua zilipo, ngozi imechubuka kwa kugonga waya. Manyoya ya mkia yamekatika ncha. Na hali chakula mpaka uondoke. Angalia pia mguu. Mfugaji makini humvisha kinda pete isiyo na kiungo akiwa na siku kama kumi, wakati vidole bado vinapita. Ndege mkubwa haiwezekani kumvisha pete hiyo. Kijani mwenye pete ya namna hiyo, anayekula huku umesimama, ni wa kizimbani sawa na wa bluu. Waweke hao wawili pamoja na ile tofauti maarufu utaitafuta usiione.

Bei nayo ina mkono wake. Wa bluu ni ghali, na mtu aliyetoa pesa nyingi humpa ndege muda mwingi. Hili sijaona muuzaji akilitaja.

Kijani na lutino

Hapa ndipo penye utamu, kwa sababu hapa rangi inagusa jambo la kweli, ila kwa mlango wa nyuma.

Lutino ni yule wa njano mwenye macho mekundu. Amepoteza melanini, njano ikabaki. Kwa cherero wa uso wa waridi, jeni ya hitilafu hiyo iko kwenye kromosomu ya jinsia. Kwa ndege, dume ana kromosomu mbili za Z na jike ana moja tu. Jike akirithi Z yenye hitilafu, hana ya pili ya kumwokoa, anatoka njano. Dume lazima apate hitilafu kwa baba na mama ndipo aonekane njano. Akipata moja tu anabaki kijani, ameificha ndani.

Sasa mfikirie mfugaji mwenye dume wa kijani aliyeificha jeni hiyo, amempandisha na jike wa kawaida wa kijani. Wakianguliwa makinda, kila mmoja wa njano kwenye kiota hicho ni jike. Hakuna ubaguzi. Kaka zao wote ni kijani. Akimpandisha dume lutino na jike wa kijani, mabinti wote wanakuwa njano na watoto wa kiume wote kijani. Mwenye nyumba anayechukua ndugu wawili, mmoja njano na mmoja kijani, anadhani analinganisha rangi. Kumbe analinganisha dada na kaka.

Na majike wa cherero si mchezo. Jike ndiye anayechagua kiota, ndiye anayekipanga, ndiye anayekilinda. Akishapevuka, tundu lote linaweza kuwa mali yake, na mkono wako unaoingia kubadilisha maji unakuwa adui. Dume mara nyingi ana uvumilivu zaidi. Hivyo ndivyo "lutino ni wakali" inavyozaliwa, na inazaliwa kwa haki kabisa machoni pa anayeisema.

Jaribio la kuipima kauli hiyo lipo tayari. Kwa cherero wa Fischer na wa kichwa cheusi, lutino wa kawaida hafuati jinsia. Jeni yake iko kwenye kromosomu nyingine, na njano hutoka dume au jike kwa usawa. Kama njano ndiyo ingekuwa inaleta ukali, ukali ungekuwepo pande zote. Ukisikia mtu anawasema lutino, muulize kwanza ni lutino wa aina gani.

Kwa kokateli, yule kasuku wa Australia mwenye kishungi, mambo yanageuka kichwa chini. Lutino wake naye anafuata jinsia, kwa hiyo majike ni wengi kati ya wale wa njano. Lakini jike wa kokateli kwa kawaida ndiye mkimya, dume ndiye anayepiga miluzi kutwa nzima. Matokeo yake, lutino wa kokateli anasifiwa kuwa mtulivu, na wakati huohuo analaumiwa kwamba hajifunzi nyimbo. Hitilafu ile ile ya rangi, sifa mbili zinazopingana. Kilichobadilika ni tabia ya jike katika kila spishi.

Upande mmoja nakubali kwamba lutino ni tofauti kwa sababu ya rangi yenyewe: macho. Jicho lisilo na melanini ya kutosha halina kinga nzuri dhidi ya mwanga mkali. Ndege wa macho mekundu aliyewekwa barazani jua la saa saba linapopiga moja kwa moja atakuwa amekunja macho, hana raha, anashtuka. Mhamishie kivulini na utaona ndege mwingine. Wafugaji wa kokateli pia wanalalamika sana kuhusu lutino wao kupatwa na kiwewe usiku: giza limetanda, mjusi amepita ukutani au umeme umekatika ghafla, na ndege anaruka gizani akijigonga hadi manyoya ya mabawa yanatoka damu. Taa ndogo ya kuchaji iwashwe karibu na tundu, na shuka lisifunike pande zote. Hayo ni matunzo ya macho. Kuyaita tabia ni kumwonea ndege.

Kuna jambo lingine dogo ambalo wanunuzi hawalijui. Kinda wa kijani au wa bluu ana weusi kwenye shina la mdomo wa juu, unaofifia anapokua. Kwa alama hiyo unajua bado ni mdogo na atakuzoea upesi. Weusi huo ni melanini. Lutino hana, kwa hiyo hata akiwa kinda mdomo wake ni safi, na muuzaji anaweza kukupa ndege wa miaka mitatu aliyeshazoea maisha yake akakuambia ametoka kiotani juzi. Ukimpeleka nyumbani akauma, utasema ni rangi.

Weupe

Ndege mweupe mwenye macho mekundu ni bluu na lutino ndani ya mwili mmoja: hana njano, hana melanini. Kumpata kunahitaji jeni mbili zikutane, na bluu inahitaji itoke kwa baba na kwa mama. Mfugaji mwenye haraka anaifupisha safari kwa kupandisha kaka na dada, au baba na binti. Kizazi kimoja hupita salama. Vikiwa vinne au vitano mfululizo, udhaifu wote uliojificha kwenye ukoo unajitokeza: makinda madogo, mayai yasiyoangua, ndege wanaougua kwa baridi kidogo.

Na mgonjwa anaonekana mpole! Hilo ndilo linaloniudhi zaidi katika biashara hii. Ukiona ndege ametutumua manyoya mchana, macho nusu, amesimama kwa miguu yote miwili huku mkia ukipanda na kushuka kila anapovuta pumzi, usifurahi kwamba anakubali kushikwa. Ndege mzima akipumzika hukunja mguu mmoja tumboni, na ukikaribia anakutazama. Mweupe mwenye afya yupo, tena wengi, kwa wafugaji wanaochanganya damu na kurudi kwa ndege wa kijani kila baada ya vizazi vichache. Muulize muuzaji wazazi walikuwa rangi gani. Akisema "wote weupe, na babu zao weupe," endelea kutembea.

Wenye mabaka na wale wenye rangi iliyokolea, zaituni au kobalti, sina mengi ya kusema juu yao. Mabaka ni melanini kukosekana sehemu fulani za mwili. Kukolea ni mabadiliko katika muundo wa unyoya. Chagua unayempenda.

Wapi urithi unaingia kweli

Isije ikaeleweka kwamba tabia ya ndege hairithiwi. Inarithiwa, na ushahidi mzuri umetoka kwa cherero hawahawa. William Dilger wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliandika mwaka 1962 kuhusu machotara wa uso wa waridi na Fischer. Jike wa uso wa waridi hukata vipande vya maganda na kuvichomeka kwenye manyoya ya kiuno ndipo aruke navyo kiotani. Fischer hubeba kwa mdomo. Machotara walichanganyikiwa: walikata kipande, wakajaribu kukichomeka, kikaanguka, wakakiokota, wakajaribu tena. Iliwachukua miaka kujifunza kubeba kwa mdomo, na hata hapo walikuwa bado wanageuza shingo kuelekea kiuno kabla ya kuruka.

Hili linatuhusu kwa sababu rangi nyingi alizonazo cherero wa Fischer wa leo zilihamishwa kwake kutoka kwa ndugu zake, hasa wa kichwa cheusi, kwa kupandisha spishi mbili na kurudisha vizazi upande mmoja. Ndege unayeuziwa kama Fischer wa bluu anaweza kuwa na uso wa kijivu ulioingia weusi kidogo. Huo ni uchotara. Ukiona kwamba ana mwenendo usioufahamu, ukoo ni maelezo mazuri kuliko bluu.

Na wapo ndege ambao rangi na hulka vimefungwa pamoja. Shomoro wa Gould wa kaskazini mwa Australia ana vichwa vyekundu na vichwa vyeusi katika kundi moja la porini, na tafiti zimeonyesha kwamba wenye vichwa vyekundu ndio wagomvi, wanawafukuza wenzao kwenye chakula. Mwaka 2008 Alexandre Roulin na wenzake walieleza pia kwa nini, kwa wanyama wengi wenye uti wa mgongo, wale wenye melanini nyingi huwa wakali zaidi: homoni zinazoamuru weusi zina kazi nyingine mwilini. Lakini ona tofauti. Weusi huo unaongozwa na homoni. Hitilafu ya lutino kwa uso wa waridi haigusi amri. Inaharibu utengenezaji wa melanini ndani ya seli, wakati amri inaendelea kutolewa. Na hitilafu ya bluu haigusi melanini kabisa. Hoja ya weusi na ukali haiwezi kubebwa tu na kuwekwa juu ya cherero.

Malezi yanazidi yote haya. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha California huko Davis kilitoa utafiti wa kasuku wa jamii ya Amazoni waliolelewa na wazazi wao wenyewe kiotani; tofauti pekee ni kwamba baadhi ya makinda walitolewa kila siku kwa muda mfupi na kushikwa na watu. Hao walikua wamefugika, wenzao hawakufugika. Rangi moja, spishi moja, wote wamelelewa na wazazi wao. Nikipewa nafasi ya kumuuliza mfugaji swali moja tu, nitamuuliza nani alikuwa anawashika makinda na tangu lini.

Kwa walioko Maskati au Dubai, ambako kasuku wa shingo pete wanaruka mitini, mambo ni yaleyale: lutino wa shingo pete anafuata jinsia, jike ndiye mwenye amri, na bluu karibu wote ni wa kizimbani. Usichanganye hayo na kipindi cha ujana, ambapo shingo pete wa rangi yoyote hutisha kwa mdomo wazi kwa wiki kadhaa kisha akatulia mwenyewe.

Basi nani achukue yupi

Mwenye watoto wadogo nyumbani: kinda wa kizimbani, kijani au bluu, ambaye weusi wa mdomo bado unaonekana. Kijani mwenye pete ndiye ningemchukua mimi. Ni nafuu, ukoo wake kwa kawaida umechanganyika vizuri, na hakuna aliyemlazimisha kuzaliwa. Lutino anafaa nyumba yenye baraza la kivuli na mtu wa kumwangalia usiku. Mweupe namwachia mfugaji mwenye uzoefu, au mtu anayeweza kuonyeshwa wazazi.

Kibali hakitazami rangi. Cherero wa Fischer na wa kichwa cheusi wanalindwa na sheria za wanyamapori, na wako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hata wakiwa bluu. Ukitaka kusafiri naye kutoka Dar es Salaam kwenda Maskati, karatasi ni zilezile za wa kijani. Wa uso wa waridi aliondolewa kwenye orodha hiyo, na bajeriga, kokateli na shingo pete hawamo, ingawa sheria ya nchi unayotoka na unayokwenda bado inakuhusu. Ulizia mamlaka ya wanyamapori, TAWA kwa Tanzania au KWS kwa Kenya, kabla ya kulipa.

Anayetaka wawili apime jinsia kwanza, maana kwa Fischer dume na jike hawatofautiki kwa macho; manyoya machache yaliyong'olewa yanatosha maabara. Majike wawili ndani ya tundu dogo lenye sanduku la kutagia watapigana, hata mmoja akiwa bluu na mwenzake mweupe. Toa sanduku, ongeza chombo cha pili cha mtama upande wa pili wa tundu, na ukiona vidole vya mmoja vimeanza kuumwa, watenganishe siku hiyohiyo.